Uliimbisha Vizuri, Lakini Hukukaa

Hotuba kwa walimu tarajali wa muziki siku ya kuwaaga wahitimu, Mwanza

Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, shikamooni. Wenzangu mnaohitimu leo, hongereni sana. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na kwa wazee wangu wa Kisukuma mlioketi pale mbele, mwadila.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mwalimu kijana wa muziki: kazi yake, familia yake na marafiki zake. Nilikaa nayo siku nne kabla ya kujibu. Juu ya kazi ningeweza kuzungumza tangu sasa hadi magharibi, lakini kwa hayo mawili mengine nilijua nitalazimika kusema mambo ambayo hayanipi sifa. Nimeamua kuyasema. Kama kuna mtu angeniambia haya nilipokuwa nimeketi kwenye viti hivyo mlivyokalia, ningekuwa namshukuru hadi leo.

Nina miaka 31 na huu ni mwaka wangu wa saba kazini. Nafundisha Muziki na Kiswahili katika sekondari ya serikali hapa mkoani, na jioni nafundisha kwaya ya parokia yetu. Mke wangu ni muuguzi. Tuna watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la kwanza, wa pili bado hajaanza shule.

Nianze na kazi, maana usipoijua ilivyo, mengine hayataeleweka. Muziki unahitajika pale ambapo watu wengine wamepumzika. Harusi ni Jumamosi. Misa ni Jumapili. Juma Kuu lote ni letu, mkesha wa Pasaka ni wetu, mkesha wa Krismasi ni wetu. Mtu akifariki Jumanne na maziko yakapangwa Alhamisi, basi Jumatano usiku kwaya iko msibani. Shuleni nako ndivyo. Mahafali ya kidato cha nne, kwaya iimbe. Mgeni rasmi anakuja, ngoma itangulie getini. Mwenge wa Uhuru unapita, wanafunzi waupokee kwa wimbo mpya wenye ujumbe wa mwaka. UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ikikaribia, waimbaji na wacheza ngoma waanze mazoezi kila jioni. Karibu yote hayo hayamo kwenye ratiba ya vipindi. Kwenye ratiba nina vipindi vya dakika 40 kama mwalimu mwingine yeyote, na zamu zangu, na maandalio ya masomo, na madaftari ya Kiswahili yanayosubiri kusahihishwa.

Sikulalamikia hata kimoja katika hivyo miaka yangu ya mwanzo. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu watu wengi wanadhani kazi inayokumaliza ni ile usiyoipenda. Mimi niliipenda mno. Nilikuwa na umri wa miaka 25, kijana wa kutoka familia ya wakulima wa pamba, na watu 60, wengine wakubwa kuliko mama yangu, wanasubiri nyanyuo la mkono wangu ndipo wafungue vinywa. Nikipita stendi ya Igoma makondakta wananiita "Mwalimu!" Unajisikia unahitajika, na kuhitajika ni kitu kitamu sana kwa kijana. Sikuweza kumkatalia mtu yeyote. Kila aliyenipigia simu nilimwambia nakuja.

Mwaka wangu wa nne, wiki ya tatu ya Kwaresima, sauti ilikatika.

Ninyi mnajua tunavyofundisha. Wanakwaya wetu wengi hawasomi nota, kwa hiyo mwalimu anawaimbia. Unaanza na soprano, unawaimbia mstari wao mpaka washike. Unahamia alto, halafu tenor, halafu besi, halafu unarudi kwa soprano maana wameshasahau. Wimbo mmoja wa kurasa nne unaweza kuuimba mara 50 kabla haujasimama. Na hapo ulikwishatoka shuleni, kwenye darasa la wanafunzi 70, na masika yale mvua inapiga juu ya bati hata mtu wa dawati la mbele hakusikii usipopaza sauti. Nilikuwa nafanya hivyo siku sita kwa wiki. Ilianza kama mafua. Nikanywa tangawizi, nikatafuna karafuu, nikaendelea. Jumatano moja nilifungua mdomo kuwapa tenor sauti yao, ukatoka upepo.

Daktari aliniangalia koo kwa kamera ndogo, akanionyesha picha. Mikunjo ya sauti ni miwili, kwa mwanaume ina urefu wa sentimita mbili hivi, na hiyo ndiyo mashine yote ya mwalimu wa muziki. Ile nota ya la tunayotumia kusawazishia vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde moja. Maana yake kila nilipowaonyesha waimbaji ile la kwa koo langu mwenyewe, katika kimo hicho hicho, mikunjo ile ilitetemeka mara 440 kwa kila sekunde niliyoishika. Yangu ilikuwa imevimba na vinundu vimeanza kuota. Akaniandikia siku 14 bila kusema neno. Alinikataza hata kunong'ona, akasema kunong'ona kwa mtu mwenye koo lile ni kujidanganya. Nisipotii, alisema, nitarudi kwa ajili ya upasuaji.

Sikuomba ruhusa ya kukaa nyumbani. Kidato cha pili walikuwa na mtihani mbele yao, na Pasaka ilikuwa inakuja. Nikarudi darasani bila sauti.

Hapa naomba niwape jambo moja la ufundi, hata kama sikuitiwa hilo. Mnazikumbuka ishara za mkono za solfa, ile ya do, re, mi? Ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole cha shahada kikielekea juu ni ti. Mtu aliyezieneza ni mchungaji Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19. Naye msingi wa solfa yake aliupata kwa mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, aliyetafuta njia ya kuwafundisha watoto kuimba bila kuwatisha kwa mistari mitano na vichwa vya nota. Wamisionari wakaileta huku kwetu, na mpaka leo kwaya nyingi za Tanzania zinasoma d, r, m kuliko zinavyosoma kitu kingine chochote. Ila ishara zenyewe wengi wetu tunafundishwa wiki moja chuoni, tunazifanyia mtihani, tunaziacha.

Mimi sikuwa na namna. Nikasimama mbele ya wanafunzi 70, nikaandika ubaoni, "Mwalimu haruhusiwi kuongea. Tazameni mkono." Dakika 10 za kwanza zilikuwa vurugu. Kipindi cha tatu walikuwa wanaimba sauti mbili, mkono wa kulia kundi hili, mkono wa kushoto kundi lile, bila mimi kutoa hata pumzi. Wakaanza kusikilizana, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikiliza mbele. Kwaya nayo ikawa hivyo hivyo, nikampa binti mmoja wa alto kazi ya kutoa sauti za kuanzia kwenye kinanda. Kwa siku zile 14, pale kazini, nilieleweka kuliko nilivyowahi kueleweka nikiwa na sauti. Watu walinisoma vidole, macho, nyusi. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwenye kipande cha karatasi: "Mwalimu, leo umekasirika kidogo?" Alikuwa amepatia.

Sasa nije nyumbani.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anakaribia miaka minne. Mke wangu wiki ile ya kwanza alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mtoto alikuwa na dada anayetusaidia, na mimi nilikuwa naingia saa tatu, saa tatu na nusu. Namkuta yuko macho, ananipokea begi, nampa pipi au andazi, nakaa kwenye kochi, naangalia simu, maana kundi la kwaya kwenye WhatsApp haliishi maswali. Anacheza miguuni pangu mpaka analala. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku atakayoniuliza mbona siongei. Nilikuwa nimefikiria hata ishara nitakayompa: nitagusa koo, nitatikisa kichwa, nitatabasamu ili asiogope.

Siku ya tisa mke wangu alikuwa nyumbani. Tumekaa mezani, tunakula ugali na sato, akamwambia mtoto, "Umeona baba anaumwa koo? Haongei siku hizi, umwombee."

Mtoto akanitazama. Akasema, "Baba huwa haongei."

Aliyasema bila uchungu wowote, kama mtoto anavyokwambia kwamba jogoo huwika. Mke wangu aliinamisha uso kwenye sahani. Na mimi sikuweza kujibu, kwa sababu daktari alikuwa amenikataza.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mitatu sasa. Siku tisa za ukimya kamili, ambazo shuleni zilibadilisha kila kitu, nyumbani kwangu hazikuonekana. Tulizoea kuambiwa kwamba sisi vijana hatujui kupanga muda. Kwa mwalimu wa kwaya hilo si kweli. Ninyi mnaweza kuwatoa watu 60 kutoka mitaa 20, wengine wana maduka, wengine wananyonyesha, wengine ni bodaboda, na wote wakawa wamesimama mahali pamoja saa 11 jioni na kopi mkononi. Kupanga muda tunakuweza sana. Nilichokuwa nafanya mimi ni kupanga muda wa watu wote na kuwapelekea mke na mtoto makombo: mwili uliochoka, koo lililokwisha, na simu mkononi. Tena niliyapeleka makombo hayo nikitegemea kushukuriwa, kwa sababu nilikuwa nachoka kwa kazi ya Mungu na ya taifa.

Kila asubuhi shuleni kwetu, kama shuleni kwenu kote mlikosoma, tunaimba Mungu ibariki Afrika. Sauti ile ilitungwa na mwalimu kijana. Enoch Sontonga alikuwa anafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, anaongoza kwaya, anatunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi wake na kuziandika kwa solfa, hizi hizi d, r, m zetu. Wimbo huo aliutunga mwaka 1897, akiwa katika miaka yake ya ishirini. Mwaka 1905 alifariki, umri wake ukiwa kama miaka 32. Kaburi lake halikujulikana lilipo kwa miaka mingi sana. Lilitafutwa mpaka likapatikana Johannesburg, na mwaka 1996 likatangazwa kuwa mnara wa kitaifa wa Afrika Kusini, Mzee Mandela akiwepo. Wakati huo sauti yake ilikuwa imeshakuwa wimbo wa taifa letu tangu 1961.

Nilipokuwa chuoni nilimpenda Sontonga kwa ajili ya ule wimbo. Siku hizi namfikiria kwa sababu nyingine. Mwakani nitakuwa na umri ule aliofia. Katika masimulizi mafupi ya maisha yake, mke wake Diana na mtoto wao wanapata mstari mmoja, na inasimuliwa kwamba haki za wimbo mjane aliziuza kwa peni sita. Mimi siwezi kumhukumu marehemu, wala sijui alivyoishi nyumbani kwake. Huenda alikuwa baba bora kuliko sisi sote. Ninachosema ni kwamba dunia itaichukua kazi ya mwalimu wa muziki bila kuuliza nyumbani kwake kuna nini. Nchi nzima inaweza kuimba sauti yako na wasijue ulipozikwa. Wa kuuliza habari za nyumbani kwako ni wewe tu.

Kuna rafiki yangu. Tulisoma wote hapa, tulilala bweni moja, yeye besi, mimi tenor. Mwaka wa kwanza wa kazi tulikuwa tunakutana kila wiki, kule Mwaloni Kirumba, tunanunua samaki, tunatembea polepole kurudi mjini tukizungumza. Mwaka wa pili tukawa tunapigiana simu. Mwaka wa tatu tukawa tunatumiana michango: ya harusi, ya ubarikio wa mtoto. Nilidhani urafiki bado upo kwa sababu hela inafika.

Baba yake alipofariki nilipata taarifa saa 12 asubuhi. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Nilikusanya kwaya, nikatafuta gari, nikachagua nyimbo, nikachagua hata ule ambao mzee aliupenda, kwa sababu nilimfahamu mzee. Tulifika, tukaimba kuanzia mwili ulipotoka ndani mpaka udongo wa mwisho. Watu walilia. Mzee mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kusikia msiba ukiimbwa vile. Baada ya shada la mwisho kuwekwa nikaangalia saa. Tulikuwa na mazoezi ya harusi jioni ile. Nikawaambia wanakwaya tupande gari.

Mwezi mzima rafiki yangu hakunipigia, nikadhani ni majonzi. Nilipompigia mimi, akaniambia, taratibu kabisa, "Kaka, uliimbisha vizuri. Lakini hukukaa."

Ninyi nyote mmelelewa hapa, sina haja ya kuwaeleza kukaa ni nini. Kukaa ni mkeka. Ni kuvua viatu, ukakaa na wanaume chini ya turubai usiku, ukanywa chai iliyopoa, mkazungumza habari za mvua na za Simba na Yanga, na marehemu akatajwa katikati bila mtu kumpangia. Rafiki yako hahitaji useme kitu. Anataka akipita na beseni la maji akuone. Na mimi kwa saa nne nilizokuwa pale, hebu fikirini mwimbishaji anavyosimama: uso kwa kwaya, mgongo kwa wafiwa. Rafiki yangu alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu akimzika baba yake, na siku nzima aliona mgongo wangu.

Sasa, nilifanya nini? Nitawaambia niliyoyajaribu, pamoja na lile ambalo halikufaa.

Lililoshindikana ni kuwaleta wa nyumbani kazini. Nilidhani ndiyo dawa, na wengi watawashauri hivyo. Nikawa nakwenda na mtoto mazoezini. Nilijipa moyo kwa mfano wa wazee wetu. Bugobogobo, ngoma ya Kisukuma tunayoicheza leo jukwaani na majembe, ilitoka shambani: vijana wanalima leo kwa huyu, kesho kwa yule, ngoma inawapa mwendo, na kazi, muziki na ujirani vinakwenda kwa pumzi moja. Nendeni kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora mwezi wa Juni mkaone Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanavyoshindana; kila upande umekuja na bibi, na wajukuu. Nikasema, basi nami nitaunganisha. Lakini shamba lile lilikuwa la familia. Mazoezi yangu yalikuwa ya kwaya. Mtoto alikuwa analala kwenye benchi ameegemea spika, na mimi nilikuwa nashughulika na alto. Kumleta mtu mahali ambapo humtazami ni kumwacha peke yake katika kelele. Nikaacha.

Lililofaa kuliko yote lilianzia kwenye ule ugonjwa. Yule binti wa alto aliyekuwa akitoa sauti kwenye kinanda, pamoja na kijana mmoja wa besi, niliwafundisha kuongoza. Niliwafundisha kweli, miezi nane, mpaka kuvunja wimbo na kuujenga tena. Wiki ya kwanza niliyowaachia misa nilikaa nyumbani tumbo linaniuma. Nilipofika Jumapili iliyofuata nikasikia kwaya inaimba vizuri, na kuna kipande walikirekebisha ambacho mimi nilikikosea mwaka mzima. Inauma, msidanganyike. Kijana aliyezoea kuhitajika anaposikia kwaya yake inakwenda bila yeye, kuna kitu ndani kinavunjika. Kiacheni kivunjike. Tangu hapo Jumatano na Jumatatu sina mazoezi, na parokia haijafungwa.

Mke wangu hupata karatasi ya zamu zake kila mwezi. Zamani ilikaa kwenye mkoba wake na mimi nilikuwa nashtukia tu kwamba leo yuko usiku. Sasa inabandikwa jikoni, na yangu pembeni yake, kwa kalamu. Tunakaa nazo mbili siku ya kwanza ya mwezi. Jioni ambazo sote tupo tunazizungushia, na iliyozungushiwa haiombwi na mtu, awe paroko, awe mkuu wa shule. Mwezi mwingine tunapata jioni saba. Mwezi wa Aprili mwaka huu tulipata mbili.

Harusi nimezipunguza, nachukua mbili kwa mwezi. Na bei naitaja mapema, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu kuimbisha ni kazi, kama kupika ni kazi na kupamba ukumbi ni kazi. Kamati inamlipa mpishi bila kuona haya. Ila kwa rafiki wa karibu nina swali moja ninalomuuliza: "Unataka nije kama mwalimu wa muziki au kama mgeni wako?" Karibu wote husema mgeni. Wengine wananyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kimya kile kimenifundisha kwamba walikuwa wananihitaji kwa jambo ambalo hawakujua wanaruhusiwa kuliomba.

Dada zangu mnaohitimu, nikiyasema haya najua kwamba mzigo wenu siujui wote. Mimi nilipokuwa narudi saa tatu usiku majirani walisema mwalimu anajituma. Ningekuwa mwanamke wangesema maneno mengine. Na miaka yote ile niliyokuwa naimbisha, nyumba yangu ilisimama kwa sababu mwanamke mwenye kazi nzito kuliko yangu alikuwa anaishikilia. Sina ushauri wa kuwapa. Nina ombi kwa kaka zenu hapa: yule binti wa alto aliyeshika kwaya yangu, baba yake mkubwa alikuja kuniuliza kwa nini binti anachelewa. Nilikwenda kwao, nikakaa sebuleni na wazee wake, nikaeleza ni mazoezi gani, yanaisha saa ngapi na nani anamrudisha. Mkiwa na wasaidizi wa kike, fanyeni hivyo bila kusubiri muulizwe.

Na kwa wakuu wa shule mlioko hapa, kwa heshima zote. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na vijana hawa wataletwa kwenu. Mtawaita kila mgeni anapokuja. Waiteni. Lakini mazoezi ya kumpokea mgeni yaingie kwenye ratiba, yahesabiwe kuwa ni kazi ya siku, si jambo la kufanywa baada ya siku kwisha. Mkuu wangu wa sasa alikubali nilipomwomba, na alikubali siku ileile. Nilikuwa nimekaa miaka minne bila kuomba.

Sijamaliza kujirekebisha. Mwezi uliopita kulikuwa na siku ya wazazi shuleni kwa mwanangu na sikwenda, kwa sababu kulikuwa na ugeni wa ghafla kwetu na sikujua la kusema. Alikuwa na shairi la kukariri. Alinikariria usiku, amesimama juu ya kigoda, lakini alikuwa amelikariri mara moja mchana mbele ya kiti kitupu, na hilo halirudi.

Rafiki yangu yule yuko hapa. Ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango, hapendi nimwonyeshe. Ilituchukua muda. Nilianza kwa kwenda kwao Jumamosi moja bila kwaya na bila sababu, mama yake akanipa kazi ya kuchambua mchele, nikachambua. Jumatano zangu nyingi sasa ziko Mwaloni, na yeye.

Naomba uongozi uniwie radhi, sitabaki kwa chakula. Saa tisa tunaondoka naye kwenda kijijini kwao. Kesho ni kumbukumbu ya marehemu baba yake. Kwaya yetu itakuwepo, na ataimbisha yule kijana wa besi. Mimi nimebeba mkeka.

Asanteni kwa kunisikiliza.